Kenge Aliyeinua Mkono

Kiunga analima ndizi huko Mitunguu. Ana ekari moja na nusu, ng'ombe mmoja wa maziwa, na zamu yake ya maji ni Jumanne asubuhi. Ni mzee mrefu, mwembamba, wa maneno machache, na wanaonunua ndizi zake humsifu kwamba hajui kubishana. Wachache waliobaki wa rika lake wanajua jambo jingine. Zamani, kabla maji ya mifereji hayajafika, Mitunguu ikiwa bado nchi kame ya mtama na pamba, Kiunga aliwahi kuwa kenge.

Ilikuwa mwaka wa 1978. Wazungu saba walikuja na malori mawili, wakapiga hema kando ya Mto Mutonga, wakasema wanatengeneza sinema. Hadithi yao ilikuwa nyepesi. Kenge mkubwa kuliko nyumba analala chini ya mto, baruti inamwamsha, anatoka na kukanyaga vijiji na kula watu, mpaka daktari mmoja wa kizungu anamuua kwa moto. Vifaa vyao vilikuwa haba. Vijiji vilikuwa vya maboksi, vibanda vya kufika gotini, vimeezekwa nyasi na kina mama wa pale pale. Land Rover iliyorushwa hewani ilikuwa ya kuchezea watoto. Kenge mwenyewe alikuwa vazi tu: turubai lililobandikwa vipande vya godoro la sponji, juu yake magamba ya tyubu za gari yaliyopakwa rangi ya kijani, mkia uliojazwa makonge, na kichwa cha karatasi na gundi chenye meno ya pembe za ng'ombe.

Vazi lilitaka mtu mrefu asiye na mwili. Wakapatikana wawili, wana wa mjane aliyeitwa Ciakuthii: Mugambi, miaka ishirini na minne, na mdogo wake Kiunga, ishirini na miwili. Ndani mlikuwa na joto la kumfanya mtu azirai, kwa hivyo walipokezana, leo huyu, kesho yule. Aliyevaa hakuweza kujivua. Zipu ilikuwa mgongoni, imefichwa chini ya miiba ya bandia, na mfunguaji alikuwa mmoja tu, Ireri, kijana wa Embu aliyekuwa mkalimani wa wale Wazungu na mtunzaji wa vazi. Kwa kuwa sauti haikusikika kutoka ndani ya kile kichwa, walikubaliana ishara. Aliye ndani akizidiwa, ainue mkono wa kushoto mara mbili, naye Ireri atakuja mbio.

Mugambi aliitumia ishara hiyo mara moja, siku siafu walipomwingia mguuni. Kiunga aliitumia kila alipojisikia. Alikuwa mtu wa mzaha siku hizo. Aliinua mkono mara mbili, Ireri akaja anahema, akafungua zipu, na Kiunga akachomoza kichwa kumuuliza kama chai iko tayari. Kambi nzima ilicheka, hata Ireri.

Kulikuwa pia na msichana, Kaari, aliyekuwa akijifunza ushonaji Nkubu, huko juu kwenye baridi. Baba yake hakutaka kusikia habari za vijana wa nchi ya joto. Kaari akampelekea Kiunga neno kwamba Alhamisi baba atashinda Meru mjini. Alhamisi hiyo ilikuwa zamu ya Kiunga, tena ndiyo siku ambayo kenge alipaswa kuingia mtoni.

"Wewe nenda," Mugambi alimwambia alfajiri, wakinywa uji nyuma ya hema la mpishi. "Nitavaa mimi."

"Na wakiuliza?"

"Watauliza nini? Ngozi ni ile ile. Nani atajua aliye ndani ni nani?"

Kiunga akapanda Nkubu kwa miguu. Alikaa na Kaari mpaka jua la utosi, nje ya nyumba ya shangazi yake, wakicheka mambo ambayo leo hakuna kati yao anayeyakumbuka. Kaari alipomuuliza mbona hayuko kazini, Kiunga alimjibu kwamba hiyo ni siku yake ya mapumziko.

Aliporudi alasiri alikuta watu wamejaa ukingoni. Vazi lilikuwa limevutwa mpaka mchangani kwa kamba za hema na kupasuliwa mgongo kwa kisu, na sponji ilikuwa bado inatoa maji. Mugambi alilazwa kando, amefunikwa shuka la mpishi. Vazi lilikuwa limekunywa mto. Ilikuwa imechukua wanaume tisa kulitoa, na kwa muda mrefu kabla ya hapo hakuna aliyejua kwamba linahitaji kutolewa.

Mkubwa wa wale Wazungu aliandika karatasi ikisema ni ajali, akaisoma mbele ya chifu, akampa Ciakuthii blanketi mbili. Kufikia Jumatatu hema zilikuwa zimeng'olewa. Ireri aliondoka nao bila kuaga.

Ciakuthii alimuuliza mwanawe swali moja tu. "Haikuwa zamu yako?"

"Ilikuwa yangu, mama. Nilishikwa na homa. Nililala kwenye ghala."

Mama alimwekea kiganja kwenye paji la uso. Kisha, waombolezaji wakiwa bado wanaingia na kutoka, akaenda kuchimba mizizi, akaichemsha, na kwa wiki nzima akamnywesha Kiunga dawa chungu ya ugonjwa ambao hakuwa nao. Kiunga aliimaliza kila kikombe.

Mwaka uliofuata alimuoa Kaari. Alimwomba jambo moja, asimtajie mama kamwe kwamba siku ile alikuwa Nkubu. Kaari alidhani ni heshima tu, kwamba hataki mama ajue walivyokuwa wakionana kwa kificho, akakubali. Basi mama akakaa na nusu yake ya ukweli na mke akakaa na nusu yake, jiko moja, miaka ishirini na moja. Walipika pamoja, wakalia pamoja kila walipomkumbuka Mugambi, wala hazikukutana zile nusu mbili mpaka Ciakuthii akafa.

Kiunga aliacha mzaha. Walipata watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili. Binti aliitwa kwa jina la nyanya yake, Gladwell Ciakuthii. Mvulana wa kwanza alipewa jina la babu. Ilipofika kwa wa pili, ukoo mzima ulingoja aitwe Mugambi, na Kiunga akasema hapana. Wazee walimwita, wakamkalisha, wakamuuliza kosa la marehemu ni gani. Alisema tu kwamba hawezi kuita jina hilo kila siku nyumbani mwake. Watoto waliambiwa kwamba amu yao alikufa maji, basi.

Agosti mwaka juzi Gladwell alikuja nyumbani kwa likizo. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Mikinduri, mwanamke mchangamfu wa miaka arobaini na moja. Baada ya chakula cha mchana alivuta kiti karibu na baba yake barazani na kutoa simu. Kaari alikuwa hapo hapo akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Baba, watoto shuleni wako na dansi mpya. Dansi ya kenge. Naona wanainua mkono hivi, mara mbili, halafu wanajiangusha nyuma. Nikauliza, hii mmetoa wapi? Wakanionyesha kwa simu. Ni kasinema ka zamani, mtu amekata kidogo akakawekea muziki. Mimi nikaangalia mlima ule wa nyuma nikasema, aki huu ni mlima wetu! Nikatafuta mpaka nikapata yote. Si ulisema wakati mmoja uliwahi kufanya kazi ya sinema?"

Kiunga alitazama binti yake, kisha simu. Hakuwa amewahi kuiona sinema hiyo. Hakujua hata kama ilimalizika.

Mwanzo ilikuwa karibu furaha. Picha ilikuwa imefifia, rangi ya kijani imegeuka kahawia. Kenge alitokea nyuma ya kilima, akaja kwa kishindo cha ngoma, akakanyaga vibanda. Kaari aliacha maharagwe akasogea. "Huyo ni wewe, Baba Gladwell. Nakujua kwa magoti." Kiunga mwenyewe alitabasamu. Alikumbuka jinsi boksi moja lilivyokwama kwenye ukucha, na kumbe waliliacha kwenye picha vile vile.

Halafu kenge akashuka kwenda mtoni, na Kiunga akaona mguu wa kushoto. Ulikuwa unageukia ndani kidogo kila ulipokanyaga. Mugambi aliuvunja akiwa mdogo, ukaunga vibaya.

Kenge aliingia maji ya magoti, ya kiuno, ya kifua. Alizama kama alivyoamriwa, akaibuka. Alizama tena. Alipoibuka mara ya pili kichwa kilikuwa kimeinama upande, maji yakimwagika mdomoni kati ya meno ya pembe. Mkono wa kushoto ukainuka juu, ukashuka, ukainuka tena. Daktari wa kizungu akaonyeshwa akilenga bunduki. Kisha mto tena, na ule mkono, mara mbili, na mara mbili, kila mara ukifika chini kuliko mwanzo. Walikuwa wameongeza sauti ya simba anayenguruma. Mwishowe mkia ulipinduka juu, maji yakatulia, na mwanamke fulani kwenye sinema akamkumbatia daktari.

"Zima hiyo kitu," Kaari akasema.

"Mami, kwani ni nini?"

"Gladwell, nimesema zima."

Kiunga alikuwa ameshasimama. Alishika nguzo ya baraza. "Huyo ni amu yako Mugambi," alimwambia binti yake. "Hapo ndipo alikufa. Hapo hapo umeona."

Gladwell aliifunika simu kwa mikono miwili, akaanza kulia na kuomba msamaha, na Kaari akalia pamoja naye. Lakini Kiunga hakulia. Alikuwa na swali ambalo miaka yote hiyo hakuwa amelijua kuwa ni swali. Siku zote aliamini kwamba vazi lilimzamisha Mugambi ghafla, kabla hajapata nafasi ya kuinua chochote. Sasa alikuwa ameuhesabu ule mkono. Mara sita. Ireri alikuwa wapi?

Haikuwa vigumu kumpata. Mwalimu mwenzake Gladwell alikuwa na watu Runyenjes, na katika wiki mbili jibu likarudi kwamba Ireri yuko hai, ni mgonjwa wa miguu, anakaa kwa mwanawe upande wa Embu. Gladwell alimpeleka baba yake Jumamosi moja. Walimkuta mzee mnene ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya shamba la kahawa, miguu imefura, imewekwa juu ya kigoda. Mkaza mwanawe aliwaletea chai.

Walisalimiana kwa Kiswahili, kwa sababu Kiembu cha mmoja na Kimeru cha mwingine vilifika mahali vikaachana. Ireri hakumtambua mgeni mpaka alipotaja jina. Hapo aliweka kikombe chini.

"Nilijua utakuja," alisema. "Sikujua utachelewa hivi."

"Nimeona picha," Kiunga akasema. "Ya mtoni."

"Hata mimi. Mjukuu alinionyesha. Anacheza hiyo dansi hapa mbele yangu."

"Mzee, uliona ule mkono?"

Ireri aliitazama miguu yake. "Niliuona. Wa kwanza na wa pili. Nilikuwa nimesimama pale kwenye jiwe, si unalijua? Nikavua viatu. Halafu nikasema, ah, huyu Kiunga ameanza tena."

Gladwell aligeuka kumtazama baba yake.

"Ilikuwa siku yako," Ireri aliendelea. "Nilipofika kufunga zipu nilikuta mtu ameshavaa mpaka kichwa, amenipa mgongo. Hakusema neno. Mimi kwangu huyo alikuwa wewe. Mara ngapi uliniita hivyo na hakuna kitu? Nikasema leo sitakimbia, leo acha anywe maji kidogo ashike adabu. Nilicheka, Kiunga. Nilikuwa nacheka. Ukiangalia vizuri kwa picha, kuna kivuli kwa jiwe upande huu. Huyo ni mimi nikicheka."

Kuku walipita chini ya meza.

"Tulipompasua kenge mgongo tukaona ni Mugambi, nikauliza sasa Kiunga yuko wapi. Mpishi akasema alikuona asubuhi ukipanda Nkubu kwa msichana wako. Wakati ule nilikuwa nataka kukuua. Baadaye nikafikiria, nani amuue nani? Nimekaa na hiyo kitu. Sikuweza kukuja kwa mazishi. Nisamehe."

"Sina cha kukusamehe," Kiunga akasema, na kila aliyekuwapo alielewa kwamba haikuwa huruma. Alikuwa anasema ukweli tu. Ireri alimnyooshea mkono wa kuagana, Kiunga akaushika kwa muda, na wakaondoka.

Walikuwa wameshapita Chuka Gladwell aliposimamisha gari kando ya barabara.

"Ulisema ulikuwa mgonjwa. Cucu mwenyewe, mama yako, aliniambia, nikiwa msichana. Alisema ulikuwa na homa."

"Ndiyo. Nilisema hivyo."

"Na huyo msichana wa Nkubu alikuwa nani?"

"Mama yako."

Gladwell alikaa ameshika usukani. Baadaye alisema, bila kumtazama, "Utamwambia wewe mwenyewe. Usipomwambia nitamwambia mimi."

Alimwambia kesho yake baada ya kanisa, Kaari akiwa bado amevaa kitambaa cha kichwa cha Jumapili. Alimweleza yote kwa mpangilio, uji nyuma ya hema, ngozi ni ile ile, homa, mzaha, maneno ya Ireri. Hakujitetea mahali popote. Kaari alisikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza akamuuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kupata hesabu sawa.

"Mimi uliniambia ni siku yako ya mapumziko."

"Ndiyo."

"Na mama ukamwambia homa."

"Ndiyo."

"Mimi ndiye nilikuita Nkubu."

"Kaari, wewe hukujua."

"Hiyo ndiyo nasema. Sikujua." Alivua kile kitambaa, akakikunja mara nne juu ya paja. "Mama yako alikuwa mgonjwa miaka mitatu. Nilimwosha mimi, nilimgeuza mimi. Kila asubuhi alimshukuru Mungu kwamba alimbakizia mtoto mmoja, na mimi nikisema amina. Angejua ni mimi nilichukua yule mwingine, angenifukuza kwa hiyo nyumba ama angenisamehe. Mojawapo. Ilikuwa haki yake kuchagua. Na mimi pia."

"Niliogopa utaniacha."

"Labda ningekuacha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Hawakugombana. Kiunga angefurahi kama wangegombana. Kaari alipika chai kama kawaida, wakanywa. Mwezi wa kumi alisema Gladwell anahitaji msaada na watoto wake, akafunga nguo zake kwenye begi moja, akaenda Mikinduri. Krismasi hakuja. Wavulana walipiga simu kutoka mjini kuuliza kuna nini, na baba yao akawaambia wamuulize mama, na mama akawaambia wamuulize baba.

Gladwell alijaribu kuiondoa ile picha. Aliandika kwa kila mahali palipokuwa na kitufe cha kulalamikia, akaeleza kwamba mtu anakufa pale kweli kweli, si mchezo. Mahali pamoja walimjibu kwamba hawaoni kosa lolote. Mahali pengine walimtaka alete uthibitisho kwamba yeye ndiye mwenye hiyo sinema. Wale Wazungu hakujua majina yao, wala kama kuna aliyebaki. Mtu mmoja alisoma malalamiko yake akayabandika chini ya picha, na baada ya hapo watazamaji wakaongezeka, kwa kuwa sasa walijua wanachotazama. Aliacha.

Kiunga alikwenda kwa wazee wa ukoo, akawaambia kilichomfanya akatae jina. Alitegemea watamtoza kitu, mbuzi, fahali, adhabu yoyote ya kumaliza. Wazee waliomkalisha zamani walikuwa wamekufa. Waliokuwa pale walikuwa vijana kwake, wakamwonea huruma. Mmoja, Mbaabu, ambaye shamba lake linapakana na lake, alimwambia, "Mzee, hayo ni mambo ya zamani sana. Rudi nyumbani upumzike." Walimpa soda.

Kaari humpigia simu Jumapili mchana. Humuuliza kama amekula, kama ng'ombe amepandishwa, kama dawa ya presha imebaki. Kiunga hujibu kila swali. Anangoja ile simu kuanzia asubuhi. Kaari hasemi lini atarudi. Yeye naye hajawahi kuuliza, kwa sababu anadhani hana haki ya kuuliza.

Jumanne bado anafungua maji. Hukaa kwenye gunia mwisho wa mstari wa migomba akiyatazama yakija, na siku hizi hasimami kuyafunga yakifika. Yanajaza shina la mwisho, yanavuka mpaka, yanaingia kwenye nyanya za Mbaabu. Mbaabu alikuja mara mbili kulalamika. Mara ya tatu hakulalamika. Alimpita pale alipoketi, akaenda akafunga mlango wa maji mwenyewe, na sasa hufanya hivyo kila wiki.